Tupeane uzoefu: mliosoma Solaris, mliishia wapi na mlitoka na nini?

Mleta mada, Area C
Habari za humu ndani wakuu. Juzi nimepanda treni ya SGR kutoka Dar, kijana wa kiti cha pili anasoma Solaris kwenye simu. Tulipoiacha Kilosa akaizima kwa hasira, akaniambia, "Mzee, huyu mwandishi kanipotezea muda. Kitabu kizima hasemi bahari inataka nini." Tukabishana mpaka Dodoma, na tulipoagana kila mtu alibaki na msimamo wake. Nikakumbuka kwamba hata sisi marafiki wa zamani kitabu hiki kilitugawa hivyo hivyo.

Kwa asiyekijua: ni riwaya ya Stanisław Lem, Mpolandi, ilitoka 1961. Mwanasaikolojia Kris Kelvin anafika kwenye kituo kilicho juu ya sayari iliyofunikwa na bahari moja iliyo hai. Anakuta mwenzake Gibarian amejiua asubuhi ileile, Snaut ana hofu haongei sawasawa, Sartorius kajifungia maabara. Akilala, akiamka anamkuta Harey amekaa chumbani. Harey alikuwa mwenzi wake, alijiua miaka 10 nyuma baada ya ugomvi, na Kelvin alikuwa ameondoka akijua kuna dawa za hatari ndani ya nyumba. Bahari imemtoa kwenye kumbukumbu zake ikamuumba upya. Wenzake nao kila mmoja ana mgeni wake wa namna hiyo. Kwa nini? Hatuambiwi. Ni zawadi, ni adhabu, ni jaribio, au ni bahari tu inafanya mambo yake? Hatuambiwi.

Mimi nasema ni riwaya kubwa, na ukubwa wake uko hapohapo inapokataa kujibu. Ila sitaki mapitio ya kitabu. Nataka mseme kiliwakuta wapi, mliishia ukurasa gani, kiliwafanya nini. Tiririkeni.

Kijana wa Chimwaga
Niliishia kwenye ile sura ya maktaba. Mtu ana mgeni wa kutisha chumbani, mwandishi anakuacha hapo, anaanza kukusomesha nadharia za wanasayansi waliokufa zamani. Mimoidi, simetriadi, asimetriadi, majina ya maumbo yanayotokea kwenye hiyo bahari, kurasa na kurasa. Nikasema hapana. Nina tasnifu yangu ya kuandika, sina haja ya kusoma ya mtu mwingine tena ya sayari ambayo haipo.

Wa Makole
Hapo hapo na mimi. Naunga mkono hoja.

Mwalimu, Kondoa
Mmeacha kitabu mlangoni. Hiyo sura mnayoiruka ndiyo iliyonifanya nikipende, na nitaeleza kwa nini.

Nafundisha huku Kondoa. Wanafunzi nikiwapeleka Kolo kuona michoro ya miambani, swali la kwanza ni moja kila mwaka: "Mwalimu, huyu mtu mrefu hivi ana maana gani?" Ndiyo, kuna watu wembamba warefu wenye nywele za ajabu, kuna twiga, kuna pofu (yule mnyama wa pembe), rangi nyekundu imekolea utafikiri imepakwa mwaka huu. Mary Leakey, mwanaakiolojia, alikuja kuinakili 1951. Mwaka 2006 UNESCO wakaiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Wataalamu wamesema ni uwindaji, wengine wakasema ni waganga waliopandisha, wengine ni mvua. Kila mmoja ana kitabu chake, na mwamba uko palepale haujamthibitishia hata mmoja. Na wakati wataalamu wanabishana, wenyeji wanaendelea kupanda kwenye pango la Mungumi, mojawapo ya yenye michoro, kufanya tambiko lao, maana kwao mahali pale panafanya kazi hata bila maelezo ya mtu kutoka chuoni.

Sasa nilipofika kwenye ile maktaba ya Lem, watu wamekaa zaidi ya miaka mia wakiichunguza bahari, wameipa kila umbo jina, wamegombana, wamegawanyika makundi, na bahari haijawajibu neno, nilijua mwandishi huyu anajua anachokisema. Haandiki kujaza kurasa. Anakuonyesha uzito wa kutojua, na uzito haubebeki kwa aya moja. Ukiruka hiyo sura, Harey anakuwa jini wa kawaida wa kwenye filamu.

Kijana wa Chimwaga
Mwalimu nakuheshimu, lakini msomaji hana deni kwa mwandishi. Akinichosha ni kosa lake, si langu.

Mwanafizikia, Iyumbu
Kijana hapo unakosea. Kumbuka mwanzo wa mambo yote: sayari ina majua mawili, moja jekundu moja la buluu, na kwa hesabu ilipaswa izidi kuyumba mpaka iangukie jua. Haikuanguka. Bahari yenyewe inaurekebisha mzunguko wake. Hilo peke yake ni jambo la kumnyima mwanafizikia usingizi. Sura ya maktaba ni historia ya watu walionyimwa usingizi.

Wa Manyoni
Mimi sikuanza na kitabu, nilianza na filamu yake aliyoitengeneza Mrusi Tarkovsky, ya 1972. Karibu saa tatu. Kuna mahali gari linaendeshwa kwenye barabara za juu kwa juu za Tokyo, dakika kama tano hivi, hakuna neno, hakuna kinachotokea. Mke wangu akaniuliza kama runinga imeharibika. Lakini niliitazama mpaka mwisho, nikatafuta kitabu, na kitabu kikaniuma zaidi. Ushauri: anza na filamu.

Mleta mada, Area C
Usianze na filamu! Lem mwenyewe hakuipenda. Aligombana na Tarkovsky, akaona mwenzake ametengeneza hadithi ya dhambi na majuto ya binadamu, bahari akaiweka kando. Na ile ya 2002 ya Soderbergh yenye George Clooney imezidi kwenye mapenzi, Lem akalalamika tena.

Wa Manyoni
Mwandishi hakuipenda, mimi niliipenda. Kwani filamu alitengenezewa yeye?

Wa Nkuhungu
Samahani, mbona mnasema Harey? Mwanamke anaitwa Rheya. Na huyo Snaut ni Snow. Nadhani kuna watu humu wamesoma muhtasari wa mtandaoni wanakuja kutufundisha.

Mwanafizikia, Iyumbu
Wewe ndiye hujui. Ni Harey.

Wa Nkuhungu
Ninacho mkononi hapa! Rheya! Nilikinunua mtumba pale karibu na Nyerere Square, kina chapa na kila kitu.

Mwalimu, Kondoa
Wote mko sawa, punguzeni moto. Kiingereza cha kwanza, cha 1970, hakikutoka kwenye Kipolandi, kilitoka kwenye tafsiri ya Kifaransa, na humo majina yalibadilishwa. Ile iliyotoka Kipolandi moja kwa moja, ya Bill Johnston, ilipatikana 2011. Wa Nkuhungu ana ya zamani. Amesoma kitabu, msimwonee.

Wa Nkuhungu
Asante mwalimu. Wengine waombe radhi.

Binti wa Mpwapwa
Mnagombana majina wakati kuna jambo mnalipita wote. Niseme mimi.

Niliishia pale Kelvin anapokutana na mgeni wa Gibarian kwenye korido. Mwanamke mweusi, mkubwa, amevaa sketi ya majani. Hasemi. Anatembea tu. Baadaye Kelvin anaingia kwenye chumba cha baridi, anamkuta amelala karibu na maiti ya Gibarian. Nilikuwa nasoma usiku, nyumbani wote wamelala, nikakifunga kitabu nikakaa. Safari yote ile ya nyota, bahari inayofikiri, binadamu wamevuka mpaka majua mawili, na mimi nikitafuta mtu wa kufanana na mimi humo ndani nampata huyo. Sketi ya majani. Nimesoma fasihi miaka mingi, sikutarajia kuumizwa na kurasa mbili. Sijakirudia na sina mpango. Anayetaka kuniambia ni kitabu cha kutokujua, basi kuna jambo ambalo mwandishi alidhani analijua, na alikosea.

Wa Makole
Umesema kweli dada. Pale na mimi nilishtuka.

Mwanafizikia, Iyumbu
Dada, nielewe vizuri. Mgeni anatoka kichwani mwa mtu, tena kwenye kona anayoionea aibu. Yule mwanamke ni wa Gibarian. Ni ugonjwa wa Gibarian tunaouona, na pengine ndiyo sababu alijiua. Isitoshe mgeni wa Snaut hatumwoni kabisa, na wa Sartorius tunasikia tu vishindo vya miguu midogo nyuma ya mlango. Hakuna aliyepewa jina isipokuwa Harey.

Binti wa Mpwapwa
Hao wengine hawakuonyeshwa, wakaachiwa stara yao. Yeye ameonyeshwa mwili wote, akanyimwa sauti. Harey aliumbwa na bahari vilevile, lakini yeye anauliza "mimi ni nani", anasikiliza kwa siri ile kanda ya sauti aliyoiacha Gibarian, analia, anaamua. Kwa nini yule mwingine asiulize? Nijibu hilo.

Mwalimu, Kondoa
Sina jibu, na sidhani kitabu kinalo. Kitabu cha 1961, kimeandikwa na mtu wa Ulaya, kina alama za mahali kilipotoka. Binafsi niliendelea kusoma, lakini sitamwambia mtu aliyeumia kwamba hakuumia.

Mzee wa Kongwa
Ninyi vijana mnahangaika na Mpolandi. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, aliandika Nagona 1990 na Mzingile 1991. Vyembamba vyote viwili, unamaliza jioni moja, halafu unakaa mwaka mzima. Watu waliompenda kwa Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, walimlaumu wakasema amepotea, amesoma sana Marekani. Leo watu wanafanya uzamivu juu yake. Na Katama Mkangi wa Kenya ana Walenisi, 1995, mtu anapaa na chombo hadi nchi ya ajabu. Yetu yapo. Someni.

Kijana wa Chimwaga
Mzee, Nagona si riwaya ya kisayansi. Ni falsafa.

Mzee wa Kongwa
Nani amekupa rula ya kupimia? Hata Solaris yenu, ondoeni kile kituo, mtabaki na nini?

Mkwe wa Bahi
Mbukwenyi. Huwa nasoma tu humu siandiki, ila huu uzi umenitoa machozi na nina shida ninayotaka mnisaidie. Ni ndefu, mnivumilie.

Naishi Bahi na mama mkwe, mume wangu yuko kazini Dar. Wifi yangu, binti pekee wa mama, alifariki kwa uzazi huko Itigi alikoolewa. Kabla ya hapo alikuwa amerudi nyumbani, ametoka kwa mumewe, amegonga usiku. Ng'ombe wa mahari walishapokelewa na kugawanywa kwa wajomba. Mama hakumfungulia. Alimjibu akiwa ndani kwamba arudi kwake. Akalala kwa jirani, asubuhi akarudi Itigi, na mama hakumwona tena akiwa hai. Haya niliyajua kwa kusikia kwa watu, mama mwenyewe hakuwahi kuyatamka.

Mume wangu aliniachia Solaris. Jioni tukikaa kubangua karanga, mama akaniuliza ninasoma nini kila siku. Nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili, pengine kwa Kigogo changu kibovu. Sikufikiria wifi hata kidogo. Nilifika pale Harey anapotokea. Mama akauliza, "Amevaa nini?" Nikamwambia amevaa gauni, lakini halina pa kufungulia, vifungo ni vya mapambo tu, ikabidi Kelvin alikate kwa mkasi, maana bahari ilinakili sura ya gauni haikujua linavaliwaje. Mama akanyamaza. Akasema, "Ndivyo. Unakumbuka rangi, hukumbuki alikuwa akilifungaje."

Kesho yake nikamsimulia Kelvin alivyomdanganya yule Harey wa kwanza akamwingiza kwenye roketi, akamfungia, akamrusha. Mama akaniambia, "Mgeni amefika usiku hajala, unamtupa nje?" Akakataa ugali.

Halafu nikafika kwenye mlango. Waliosoma mnajua. Harey wa pili hawezi kukaa bila kumwona Kelvin. Kelvin anatoka, anaufunga mlango, Harey anauvunja kwa mwili wake, anachanika mikono, damu kila mahali, na vidonda vinajifunga vyenyewe Kelvin akitazama. Nilikuwa nasimulia kwa mbwembwe, nagonga hata ungo. Mama akasimama akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amekaa chini nje ya mlango, upande ule mtu anaogonga. Akasema, "Aligonga hapa. Nilikuwa macho." Akaniambia yote, tangu mwanzo. Ile niliyoisikia kwa watu haikuwa nusu.

Nilitaka kuacha kitabu. Yeye ndiye aliyekataa. Kila jioni, "Leo amefanya nini?" Akawa anamwita mwanangu. Shemeji akapata habari, akaja na wazee wawili wa ukoo, wakasema namwingizia mama mizimu, nina kitabu cha kichawi. Wakakishika wakakigeuza. Mama aliwaambia waketi na wao wasikilize. Mzee mmoja alibaki kweli.

Mwisho mnaujua. Harey anampa Kelvin dawa ya usingizi, anakwenda kwa Snaut na Sartorius kwa hiari yake, anaangamizwa, anaacha barua fupi: ni yeye aliyeomba, asilaumiwe mtu. Mama alinitaka niirudie barua hiyo mpaka akaikariri. Nilipomwambia Kelvin anabaki, anashuka pale chini, ananyosha mkono, wimbi linauzunguka mkono wake bila kuugusa, na yeye anasubiri bila kujua anasubiri nini, mama akasema, "Huyo akae. Mimi siwezi kukaa." Sasa anataka nimpeleke Itigi kaburini. Hajafika pale tangu siku ya maziko. Shemeji anakataa, anasema ukoo ule waliachana kwa maneno mabaya, na mama ana presha. Mume wangu anasema nisubiri likizo yake. Nifanyeje?

Wa Makole
Jamani.

Wa Manyoni
Pole sana mama. Mimi niko barabara hiyohiyo. Mpelekeni.

Wa Nkuhungu
Pole. Ila dada, mtu mwenye msiba unamsimuliaje hadithi ya maiti inayorudi? Hata kama hukukusudia. Vitabu vingine si vya kila mtu.

Mwalimu, Kondoa
Alimsimulia mtu ambaye kwa miaka hakuwa na pa kulisemea. Acheni kumlaumu.

Mwanafizikia, Iyumbu
Subiri likizo ya mumeo. Mkwe hasafirishi mama bila mwana kujua, kikitokea kitu utabebeshwa wewe. Na kabla ya yote apimwe presha.

Mzee wa Kongwa
Asisubiri. Mama akiomba kwenda kwenye kaburi la mwanawe haombewi ruhusa kwa mtoto wa kiume. Lakini usiende mkono mtupu. Tuma kwanza mtu mzima kwa wale wakwe wa Itigi awape taarifa, bebeni hata unga na mafuta, mkifika msianze na kaburi, anzeni na nyumba. Huyo mzee wa ukoo aliyebaki kusikiliza ndiye wa kumtuma.

Binti wa Mpwapwa
Mkwe wa Bahi, nimesoma mara mbili. Mama yako amempa Harey kitu ambacho mwandishi hakuweza. Naomba umwulize, na yule mwanamke wa Gibarian ulimsimulia? Alisemaje?

Mkwe wa Bahi
Nilimsimulia. Aliuliza, "Na yeye ni mtoto wa nani?" Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema kitabu hicho kina uchoyo.

Binti wa Mpwapwa
Ahsante. Msimamo wangu uko palepale, na sasa nina mtu mzima upande wangu.

Kijana wa Chimwaga
Mimi bado nasema sura ya maktaba ni ndefu. Lakini narudi nisome mlango.

Mkwe wa Bahi
Nashukuru wote. Nimempigia yule mzee, amekubali kutangulia Itigi. Mume wangu ametuma nauli ya mama na yangu, shemeji hatusemeshi. Wa Manyoni, tukishuka hapo stendi mchana, magari ya Itigi yapo au tulale?

Wa Manyoni
Yapo, ila usisubiri jioni. Tokeni Bahi asubuhi, mkifika Manyoni mama apate chai kwanza, halafu mpande. Huko upepo ni mkali, mbebeeni kitenge kizito.